Kitabu hakifunguki, chaji haiingii: mwongozo kwa wanaosomea kwenye simu na Kindle hapa Dar

Kifaa cha kusomea kikianza kuzingua, wengi tunawaza Kariakoo. Mtu anashuka Msimbazi, anaingia mtaa wa Aggrey, anamkabidhi fundi kifaa, na jioni anarudi nyumbani na tatizo lilelile ila mfukoni amepungukiwa. Kumbe faili ndilo lilikuwa bovu, au waya ulikuwa wa kuchajia tu. Kabla hujapanda daladala, kagua kwa mpangilio: umeme, faili, nafasi, mtandao. Fundi awe wa mwisho.

Hapa nazungumzia vifaa vya aina tatu. Kuna simujanja, ambayo ndiyo maktaba ya watu wengi. Kuna vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Na kuna vifaa vya wino wa kielektroniki. Kindle ya Amazon, iliyotoka mara ya kwanza Novemba 2007, ndiyo inayojulikana zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kina umeme kweli

Kioo cha simu kikiisha chaji kinakuwa cheusi, hakuna ubishi. Kindle haiko hivyo. Ndani ya kioo chake mna chembe nyeusi na nyeupe ndogo mno zinazopanda na kushuka kwa nguvu ya umeme, na umeme huo unahitajika wakati ukurasa unabadilika tu. Ukurasa ukishatulia, unabaki pale hata betri ikikauka. Ndiyo sababu chaji moja inakaa wiki kadhaa, na ndiyo sababu mtu anaapa kwamba Kindle yake "imeganda" kwenye picha fulani, anabonyeza mpaka kidole kinauma, kumbe imekufa chaji tangu juzi.

Basi fanya hivi. Ichomeke kwenye chaja ya ukutani, siyo kwenye kompyuta, uiache saa nzima bila kuigusa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 40. Hesabu kweli; watu wanaachia kwenye 10 wakisema haifanyi kazi. Ikiwaka, mchezo umeisha. Simu iliyoganda nayo ina dawa ya namna hiyo: kwenye Android nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka ijizime na kuwaka tena. Vitabu vyako havifutiki kwa kufanya hivyo.

Chaji isipoingia kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni waya, wa pili ni tundu. Jaribu waya wa mtu mwingine kabla hujasema neno betri. Tundu la simu inayokaa mfukoni hujaa vumbi na nyuzi za nguo, zikashindiliwa kidogo kidogo hadi kichwa cha waya hakizami chote. Ukiona waya unalegea au unachaji ukishikiliwa kwa pembe fulani tu, ndiyo hiyo. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, ondoa taratibu. Pini na sindano weka mbali, kwa sababu chuma kinaweza kugusanisha vile vidole vya shaba vilivyomo ndani.

Tatizo jingine limekuja na USB-C, na linawachanganya hata wajuaji. Kuna vifaa vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C ambavyo havichaji vikiunganishwa na kichwa kipya cha chaja kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Chaja ya aina hiyo haitoi umeme mpaka kifaa kijitambulishe, na mtengenezaji alibana matumizi akaacha kuweka kile kijisehemu cha kujitambulisha. Tumia kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB, na waya wa kutoka hapo kwenda USB-C. Utaona kinachaji vizuri, na hakuna cha kutengeneza.

Kuhusu afya ya betri, kinachoiua zaidi hapa kwetu ni joto. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Januari, au iliyo chini ya mto huku inachaji, inazeeka mapema. Ukipenda idumu, iache izunguke kati ya asilimia 20 na 80. Kindle unayoiweka kabatini kwa miezi iache na nusu ya chaji, maana betri ya lithiamu ikikaa tupu muda mrefu hugoma kuamka. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Urudi kwanza, utulie, ndipo uchomeke. Na ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kinabenuka, betri imevimba: usichaji tena hata dakika moja, usiitoboe, mpelekee fundi siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: faili, ambako ndiko kwenye kero zote

Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu kusoma kidijitali ni malalamiko ya PDF ambayo mtu hajui kwamba ni ya PDF. "Maandishi madogo." "Inabidi nivute kushoto kulia kila mstari." "Inachelewa kufungua." "Nikikuza herufi, ukurasa mzima unakimbia."

PDF ni kama kanga: maandishi yamechapwa mahali pake, na ukitaka kuyasoma inabidi uitandaze yote. Iliundwa ili ukurasa uonekane vilevile popote, na hilo inalifanya vizuri. Sasa karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kioo cha inchi sita kina takriban sentimita 9 kwa 12, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya karatasi hiyo. Hakuna mpangilio wa simu utakaoshinda hesabu hiyo. Faili la EPUB ni jingine: maandishi yanajipanga upya kulingana na kioo, ukiongeza ukubwa wa herufi mistari inavunjika yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekutumia kitabu: una EPUB yake? Uliza kwanza. Watu wanatumiana PDF kwa mazoea tu.

Kama ni PDF peke yake, itambue ni ya aina gani. Weka kidole juu ya neno, ushikilie. Neno likichaguliwa, ndani mna maandishi halisi. Lisipochaguliwa, unachokiona ni picha ya ukurasa, mtu alipiga au aliskani.

Yenye maandishi halisi inabadilika. Kwenye kompyuta, pakua Calibre, programu ya bure ambayo imekuwepo tangu 2006. Ingiza faili, chagua kubadili, na upate EPUB. Kwa mwenye Kindle kuna njia fupi: tuma PDF hiyo kwa barua pepe kwenda kwenye anwani ambayo Amazon imekipa kifaa chako, na kwenye mada ya barua andika neno moja tu, convert. Itafika ikiwa imepangwa upya. Ila tazamia dosari. Riwaya na insha hutoka vizuri. Kitabu chenye safu mbili, jedwali au hesabu hutoka kimevurugika, na vichwa vya kurasa vinajichomeka katikati ya sentensi. Mwanafunzi wa sheria anayehitaji namba za kurasa kwa ajili ya kunukuu abaki na PDF asomee kwenye kishikwambi au kompyuta.

Ile ya picha ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyojaa kwenye magrupu ya wanafunzi: notisi zilizopigwa kwa kamera zikiwa na kivuli cha kichwa cha mpigaji. Kwenye Android, pakua programu kama ReadEra, ambayo ni ya bure, uiambie ikate pambizo nyeupe. Ukigeuza simu ikalala, upana unatosha kusoma mstari mzima. Programu ya KOReader, nayo ya bure, inaweza hata kuzikata picha za maneno na kuzipanga upya ziendane na kioo. Inashangaza kuiona ikifanya kazi, ingawa menyu zake zinahitaji uvumilivu. Mistari ikiwa imepinda kwa sababu ya upigaji mbaya, hakuna programu itakayokuokoa. Na nitasema wazi: kama ni pepa la kemia au hesabu la kurasa chache, nenda stesheneri ya jirani ukachapishe. Karatasi bado inazishinda simu kwa kazi hiyo.

Ukiwa wewe ndiye unayepiga, tumia programu ya kuskani badala ya kamera tupu, kwenye mwanga wa dirishani, na ukitumia WhatsApp itume kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa, na herufi ndogo zinakuwa ukungu.

Kindle inapokataa faili

Hapa watu wanapoteza wikendi nzima. Umepata EPUB safi, umeunganisha Kindle kwa waya, umeinakili, umechomoa, na kitabu hakionekani. Kifaa hakijaharibika. Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa moja kwa moja kwa waya. Inapokea EPUB kwa njia ya barua pepe au programu ya kutuma faili, Send to Kindle, kwa sababu njiani Amazon wanaibadili. Ukitaka kutumia waya, pitisha kwanza kwenye Calibre uifanye AZW3, aina ya faili ambayo Kindle inaifungua. Kinyume chake, mafaili ya zamani ya MOBI hayapokelewi tena kwa njia ya kutuma. Amazon walianza kubadili utaratibu huo mwaka 2022.

Umetuma kwa barua pepe na hakijafika? Ingia kwenye akaunti yako ya Amazon, sehemu ya mipangilio ya hati binafsi, uone kama barua pepe unayotumia kutuma imo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Kama haimo, faili linatupwa. Mara tisa kati ya kumi ni hilo.

Na kompyuta isipoiona Kindle kabisa, rudi kwenye waya. Nyaya nyingi za bei ya chini, zile zinazouzwa kwenye foleni za taa, zina nyuzi za umeme peke yake. Za kupitisha data hazimo. Kifaa kinachaji lakini kompyuta haijui kama kipo. Ukinunua waya, mwambie muuzaji unataka wa data na uujaribu palepale kwa kuhamisha picha moja.

Jambo la kujua pia ni kwamba tangu Februari 2025 Amazon waliondoa uwezo wa kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya. Kile ulicholipia ni ruhusa ya kusoma ndani ya mfumo wao. Ndiyo maana, kwa vitabu visivyo na hakimiliki, mimi hupendelea Project Gutenberg, mradi ulioanza 1971, ambako unapata EPUB bure na inabaki yako. Wenye watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, na vitabu vya kiada vinapatikana kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kivuli cha ukurasa uliopita kinachobaki kwa mbali kwenye kioo cha wino ni tabia yake, siyo ugonjwa. Kwenye mipangilio ya kusoma kuna swichi ya kuburudisha kila ukurasa. Iwashe, itakula chaji kidogo zaidi.

Nafasi imejaa

Simu ya GB 32 inafika mkononi mwako ikiwa mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa. Kinachomalizia ni WhatsApp: mashairi ya asubuhi, video za harusi za watu usiowajua, vitini vilevile vilivyotumwa na watu watatu. Ikijaa, simu inakuwa nzito, vitabu vinachelewa kufunguka, na mtu anasema imezeeka.

Ingia WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, halafu dhibiti hifadhi; itakuonyesha nani anakujazia. Futa vikubwa kwanza. Palepale zima kupakua picha na video kwa kujiendesha. Vitabu vyenyewe havina hatia: EPUB ya riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata MB 2, wakati PDF ya picha inaweza kufika makumi ya MB.

Ukinunua memori kadi ya kuhamishia vitabu, jihadhari na kadi zilizoandikwa 128 nje wakati ndani mna 8. Simu inadanganywa na kuonyesha 128. Utagundua siku utakapopita GB 8 za kweli na mafaili yakagoma kufunguka. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw inayojaza kadi na kuisoma tena. Ifanye kabla hujaweka kitu cha thamani, na risiti uitunze.

Mtandao

Kindle nyingi za zamani zinashika mawimbi ya GHz 2.4 tu, na simu mpya zinaporusha hotspoti huenda zikachagua 5. Matokeo yake Kindle haioni jina la hotspoti yako wakati laptopu ya jirani inaliona. Fungua mipangilio ya hotspoti, badili bendi iwe 2.4. Wifi za hoteli na ofisi zinazotaka uingize namba kwenye ukurasa fulani kwanza zinasumbua vifaa hivi. Hotspoti ya simu ni rahisi zaidi, na kitabu kimoja hakigusi bando.

Tarehe nayo iangalie. Kifaa kilichokaa bila chaji kinaweza kuamka kikidhani ni mwaka mwingine, na hapo kurasa salama zote zinakigomea.

Ukishapata mtandao, pakua kabisa. Kitabu chenye alama ya wingu hakimo kwenye kifaa, unaona jalada tu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na wenye maktaba mawinguni walibaki wakitazama majalada.

Barabarani, jasho na mvua

Kioo cha wino huvunjika kwa kugandamizwa, hata bila kuanguka. Ndani mna tabaka jembamba la kioo. Ukibanwa mlangoni mwa mwendokasi saa kumi na moja jioni begi likiwa tumboni, unafika Kimara na Kindle yenye mistari nusu ukurasa, huku nje haina hata mkwaruzo. Nunua kava gumu la kufunika mbele. Bei ya kubadili kioo hicho inakaribia bei ya kifaa kingine, kwa hiyo usikubali kushawishiwa.

Ukisimama, sikiliza badala ya kusoma. Programu kama ReadEra zinaweza kukusomea kwa sauti, ila nenda kwanza kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kubadili maandishi kuwa sauti, uchague Kiswahili. Ukiacha Kiingereza, utasikia Mzungu anatafuna "mwanamke" na "ng'ombe" mpaka ucheke peke yako kwenye siti. Ukikaa dirishani kwenye daladala, simu iwe mbali na dirisha hasa kwenye taa. Vibaka hawachagui msomaji.

Simu ikikwambia kuna unyevu kwenye tundu la chaji, iamini. Ifute, ielekeze tundu chini, iache penye upepo au mbele ya feni. Achana na mchele. Apple wenyewe wamewaonya watumiaji wa iPhone kuhusu hilo, kwani chembe zake zinaweza kuingia ndani zikaharibu zaidi. Maji ya chumvi, ya Coco Beach au ya pantoni la Kigamboni, ni kesi tofauti. Chumvi inabaki na kuendelea kula shaba hata baada ya kukauka, kwa hiyo zima kabisa na mpelekee fundi aifungue aisafishe mapema.

Ukinunua kilichotumika

Kwa simu na vishikwambi vyenye laini, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakiki. Simu bandia zilizimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tarehe 16 Juni 2016. Kwa Kindle, mwombe muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako na uisajili kwa jina lako kabla hujalipa. Akisema "nenda tu utaifanya nyumbani kaka", irudishe mezani.

Sasa fundi

Umemaliza yote hayo na bado kero ipo. Hifadhi vitabu na picha zako mahali pengine kwanza. Toa laini na memori kadi. Namba ya siri usimwachie mtu. Kama anaihitaji kujaribu, subiri uiingize mwenyewe. Mwambie ulichokwishajaribu, ili asianze na kukuuzia chaja. Halafu: "Fundi, naomba uifungue hapahapa, nipo nasubiri. Na ukibadili kitu, cha zamani nipe." Fundi mzuri hakasiriki kwa maneno hayo. Kubalianeni bei kabla bisibisi haijashikwa, na kabla hujaondoka jaribu kuchaji, sauti, wifi, na ufungue kitabu kimoja ukifunue kurasa kadhaa ukiwa bado umesimama pale kwenye meza yake.